Bingwa wa Nyoka kutoka Gorong'a

Aibu hii wenzangu wa kazini wanaijua tayari, wanaitania hadi misibani, kwa hiyo naona heri niisimulie mwenyewe kabla haijawafikia ikiwa imetiwa chumvi, ingawa kusema kweli haihitaji chumvi, ilivyo inatosha. Mimi ni tabibu. Si daktari, ni tabibu: nilisoma miaka mitatu ya stashahada, nikapangiwa zahanati huku Gorong'a, Tarime vijijini, na kwa miaka tisa nimekuwa nikitibu malaria, kuhara, mikono iliyokatwa panga, na nyoka. Hasa nyoka. (Kijijini kila anayevaa koti jeupe anaitwa daktari, hata mzee anayefyeka majani ya zahanati aliwahi kuombwa dawa ya jino, kwa hiyo hilo jina la udaktari nililizoea mapema mno, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.)

Sasa kuna mama mmoja, Dkt. Nyangi, daktari bingwa wa upasuaji, mstaafu, mzaliwa wa Tarime. Huyu mama aliamua kukusanya kitabu kidogo cha tiba, cha kuingia kwenye mfuko wa koti, kwa ajili yetu tunaofanya kazi mahali ambapo ukikwama huna wa kumuuliza. Akawapa mabingwa wenzake sura zao: wa watoto, wa akina mama, wa mifupa. Halafu siku moja akanipigia simu mimi, ambaye tulikutana mara mbili tu nikimpelekea wagonjwa, akasema, "Mwita, sura ya nyoka utaandika wewe."

Nikaiandika. Nilitumia miezi minne, jioni na Jumapili baada ya ibada, na nisijisifu lakini ilikuwa sura nzuri, maana Dkt. Nyangi alirekebisha mikato tu na sehemu moja niliyoandika "mguu" mara mbili. Laiti tungeishia hapo.

Ikaja habari ya wasifu. Mwishoni mwa kitabu kila mwandishi alitakiwa aeleze amesoma wapi na amefanya kazi gani, na Dkt. Nyangi akatutumia wasifu wa wale waliotangulia ili tufuate mfano. Ndugu zangu, nilisoma ule wa bingwa wa watoto nikajisikia kama kuku aliyeingia kwenye zizi la ng'ombe. Shahada, shahada ya uzamili, amesomea nje, amefundisha chuo, yumo kwenye kamati hii na ile. Wa mifupa ulikuwa na aya tatu. Wangu ulikuwa mistari miwili, na huo wa pili ulikuwa ni jina la zahanati.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa na simu mkononi, nikaufuta, nikauandika tena, na kwenye neno "tabibu" nikaongeza maneno: "na bingwa wa tiba ya sumu ya nyoka." Nikajitetea papo hapo, maana mwongo, wa kwanza kumdanganya ni nafsi yake. Nikasema bingwa ni neno la watu wote, kuna bingwa wa bao, bingwa wa mbio, hata bingwa wa kula ugali, na kwa nyoka katika kata hii nani amenipita? Lakini nilijua. Hospitalini bingwa ni daktari aliyerudi shule miaka mingine juu ya udaktari wake, na mimi huo udaktari wenyewe sina. Nilijua, na bado nikabonyeza kutuma.

Wapanga kitabu nao, kwa nia njema, waliona bingwa asiye daktari ni kosa la uandishi, wakalirekebisha. Rasimu iliporudi nilikuwa "Dkt. Mwita Chacha, daktari bingwa wa sumu na majeraha ya wanyamapori." Tuliambiwa kila mtu asome sehemu yake na atume marekebisho kabla ya Ijumaa, asiyejibu amekubali. Nilisoma. Nikajiambia nitajibu kesho. Ijumaa ikapita, nikajiambia basi, nani anasoma kurasa za mwisho za kitabu?

Baba yangu anasoma. Mzee Chacha hajui kusoma vizuri lakini kurasa za mwisho anazisoma kwa kuwasomesha wengine. Kitabu kilipofika alikibeba kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nacho kanisani, akaenda nacho mnadani, akimkuta mtu mwenye miwani anamfungulia pale pale: "Mura, kijana wangu, hapa wamesema nini? Soma kwa sauti." Mwezi mmoja tu nikawa bingwa Gorong'a nzima, na wazee wakaanza kunipisha kwenye kivuli.

Basi ikapangwa siku ya kukitambulisha kitabu kwa matabibu na wauguzi wa upande wa Serengeti, kwenye kituo kimoja cha afya karibu na Robanda. Mimi nikawekwa kwenye ratiba nizungumzie nyoka. Nilivaa suti ya shemeji. Baba alikuja na wazee wawili wa rika lake, safari yote ile kutoka Tarime, wakakaa mstari wa mbele chini ya turubai kana kwamba wamekuja kutoa mahari. Dkt. Nyangi ndiye aliyepaswa kufungua shughuli lakini gari lake lilichelewa, akapiga simu akasema tuanze, yuko Mugumu anapata chai, atatukuta. Mshereheshaji akasoma wasifu wangu wote kwenye kipaza sauti. Watu wakapiga makofi. Baba akasimama, akageuka nyuma ili waliokaa huko wamwone vizuri.

Makofi hayajaisha, pikipiki ikaingia getini kwa kasi, imepakia watu watatu. Wa katikati alikuwa mama wa makamo, kashikiliwa na mume wake kwa nyuma, na huyo mume alikuwa akipiga kelele kabla hata hawajasimama: "Nyoka! Nyoka! Ametoka kwenye kichuguu!"

Mume ni Mzee Mugaya, na mama ni Sabina. Alikuwa akikata majani pembeni ya shamba lao la mtama, karibu na kichuguu, nyoka akamgonga chini ya goti na kuondoka. Mrefu, akasema, wa rangi ya majivu, na alipopanua mdomo, ndani ulikuwa mweusi. Niliposikia "mweusi" nikajua. Huyo ni koboko. Koboko hana sumu ya kuozesha nyama, ana sumu ya kulegeza misuli, analegeza macho, ulimi, koo, mwisho analegeza kifua na mtu anakosa pumzi huku moyo wake ni mzima kabisa. Kwenye sura yangu nimeeleza hivyo hivyo.

Msimamizi wa kituo, Sista Wegesa, mwanamke wa vitendo kuliko maneno, alikuwa ameshapigiwa simu na Mzee Mugaya tangu shambani, na yeye akaita gari la wagonjwa kutoka Mugumu. Gari liko njiani. Tunamlaza Sabina kitandani, bado anaongea, anatusalimia hata, mara simu ya Sista Wegesa inaita. Ni dereva wa gari la wagonjwa. Kuna mjamzito anatoka damu kijiji kingine, njia nyingine kabisa, anauliza hali yetu ikoje, aende wapi kwanza.

Sista Wegesa akanitazama, uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona mvua. Akamwambia dereva, "Sisi tuna bahati, bingwa mwenyewe wa nyoka yuko hapa. Mwahini huyo mama, huku tutaweza." Kisha akaondoa simu sikioni kidogo, akaniuliza, "Si ndiyo, Daktari?"

Nikatikisa kichwa. Ndiyo.

Yaani mpaka leo nikilala na kukumbuka, si lile neno kwenye kitabu linaloniamsha, ni hicho kichwa. Kingeweza kutikisika upande mwingine. Lakini dirishani walikuwa wamejaa watu, baba akiwa wa kwanza kabisa, pua kwenye nondo, na mimi nikajiambia pengine nyoka hakumwaga sumu, hutokea, wapo wanaogongwa na wasipate kitu, tumpe dakika chache tuone.

Nikafanya yale ninayoyajua. Nikamtuliza, nikaufunga mguu kwenye ubao usicheze, nikamwekea dripu ya maji mkononi. Dawa yenyewe ya sumu iko hospitali, Mugumu. Nikawa naangalia saa yangu, naangalia kope za Sabina, naangalia saa. Mzee Mugaya kasimama pembeni kashika viatu vya mkewe, kila nikimtazama ananiambia, "Asante, Daktari. Mungu amekuleta."

Baada ya kama robo saa Sabina akasema, "Daktari, naona watu wawili wawili." Kisha, baada ya muda, "Ulimi... mzito." Kope zikaanza kushuka, ile namna ya mtu anayesinzia kanisani, anazipandisha, zinashuka. Mate yakamtoka pembeni ya mdomo. Jasho lililonitoka mimi ndani ya suti ya shemeji ni la kukamua.

Sasa mle dirishani walikuwemo wale waliokuja mafunzoni, kila mmoja na kitabu chake kipya, na muuguzi mmoja, binti, alikuwa amefungua sura yangu anafuatilia kama mtu anayefuata misa. Akasoma kwa sauti: "'Usisubiri dalili zikamilike. Mgonjwa aondoke mapema kwenda hospitali, na asisafirishwe bila mtu wa kumsaidia kupumua.'" Akainua macho. "Sasa Daktari, mbona tunasubiri?"

Hakuwa na ubaya, aliuliza kwa heshima, alidhani mabingwa wana njia yao ambayo hawaiandiki vitabuni. Na Sista Wegesa naye alidhani hivyo, kwa sababu alikuja na boksi jipya, hata karatasi yake ya nailoni haijachanwa, akaliweka mezani mbele yangu. Ni vile vifaa vya kumwingizia mgonjwa mpira wa hewa kooni.

"Hivi tuliletewa," akasema, "hapa hakuna anayejua kuvitumia. Leo utatufundisha."

Vifaa hivyo mimi nimeviona kwenye picha. Ukikosea unampasua mtu koo, au mpira unaingia tumboni na anakufa ukiwa umemsimamia. Sabina akavuta pumzi moja fupi, kama mtu anayenusa, halafu akakaa muda mrefu bila kuvuta nyingine. Nikaangalia boksi. Nikaangalia dirisha. Baba alikuwa anawanong'oneza wenzake, anawaonyesha kwa kidole, nadhani alikuwa anawaambia, tazameni sasa.

Nikasema, "Mimi si bingwa."

Sauti ilitoka ndogo, Sista Wegesa hakusikia. Akasema, "Unasema?" Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ikatoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka, kituo kizima kikasikia: "Mimi si bingwa! Si daktari hata! Ni tabibu wa zahanati, wasifu ule ni uongo. Huo mpira sijui kuuweka. Huyu mama anatakiwa awe Mugumu, sasa hivi, rudisheni gari!"

Mzee Mugaya akaniuliza taratibu, bila hasira, na ingekuwa hasira ingekuwa nafuu: "Sasa ulituweka hapa kwa nini?"

Nilichomoa mfuko wa kupumulisha kutoka kwenye kabati (huo naujua, huo hata usingizini nautumia), nikamfunika Sabina pua na mdomo, nikaanza kubana na kuachia, kubana na kuachia, kifua chake kikapanda. Sista Wegesa alinitazama mara moja tu, jicho ambalo nitakufa nalo, kisha akaacha kunitazama akafanya kazi. Akapiga simu: gari la wagonjwa lilishampakia mjamzito, liko mbali. Akamgeukia Mzee Mugaya, "Huna mtu kwenye kambi za watalii?" Alikuwa na mpwa wake, dereva. Akapigiwa.

Kisha Sista akanibandika simu sikioni huku nikibana. Alikuwa Dkt. Nyangi. Nikamweleza kwa sentensi zilizokatika: koboko, pumzi zimekwisha, namsaidia kwa mfuko, na mimi nimedanganya kwamba ni bingwa, gari likarudishwa kwa ajili yangu. Nilitegemea matusi. Akasema, "Unabana mara ngapi?" Nikamwambia. "Usizidishe. Usiache hata kama mkono utakatika. Naenda hospitali kuandaa watu. Hayo mengine baadaye."

Gari lililokuja lilikuwa lile la kutembezea watalii, wazi pande zote, viti vimepanda kama ngazi ili watu waone simba vizuri. Hakuna pa kumlaza mtu. Tukamlaza kwenye sakafu kati ya viti, mimi nimepiga magoti kichwani kwake, Sista Wegesa ubavuni, Mzee Mugaya kashika miguu. Tulipokuwa tunatoka getini nilimwona baba. Aliwaambia wenzake neno moja, nadhani ni "twendeni," akaanza kutembea, na kile kitabu alikuwa amekiacha kwenye kiti.

Ile barabara sitaki kuieleza sana. Vumbi, mawe, na kila tuta lilipotutupa mfuko uliteleza usoni mwa Sabina na hewa ikavuja, nikaurudisha. Vidole vikakakamaa. Tukapokezana na Sista Wegesa, yeye anabana mimi nashika, mimi nabana yeye anashika, hatusemeshani isipokuwa "badili." Mahali fulani punda milia walikuwa wamesimama katikati ya njia, wanatutazama tu, dereva akapiga honi mpaka akalia machozi. Sabina alikuwa kafumba macho, hajitikisi, hana hata ukope mmoja unaocheza, na kama si mapigo niliyokuwa nayasikia shingoni mwake ningesema nimepakia maiti. Mzee Mugaya alikuwa akiomba kwa Kiikoma, lugha ya kwao. Neno moja tu ndilo nililolijua, Sabina.

Dkt. Nyangi alikuwa mlangoni, amevaa gauni lake la sherehe na kilemba, mikono ameshakunja. Nyuma yake machela na mtaalamu wa usingizi. Walimchukua mikononi mwetu, na mpira ule ule uliokuwa boksini kule kituoni yule mtaalamu akauweka kwa muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu. Wakampa dawa ya sumu. Nilibaki nimesimama koridoni, mikono bado inabana hewa yenyewe, sikuweza kuizuia.

Dkt. Nyangi alipotoka ilikuwa alasiri. Akaniambia Sabina atakaa kwenye mashine siku kadhaa, lakini kwa anavyoona atapona. Na yule mjamzito pia walimwahi, yeye na mtoto wake. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatisha.

"Nikuulize. Mabingwa nilikuwa nao wangapi kwenye kitabu?"

"Wanne, pamoja na wewe mama."

"Ningetaka wa tano ningekosa? Simu moja tu. Nilichokuwa sina ni mtu anayejua nyoka akigonga mahali pasipo na mashine, pasipo na gari, mtu afanye nini. Hao wanne hatujui, Mwita. Sura yako ndiyo pekee niliyoisoma nikajifunza. Wewe ukaenda ukajifuta, ukatuwekea bingwa wa uongo." Akafungua kilemba, akakikung'uta, akakifunga upya. "Umeniharibia kitabu."

Heri angenipiga kofi.

Nilipata barua ya onyo, na nilistahili zaidi. Na Dkt. Nyangi akanipa adhabu yake mwenyewe: alichapisha vikaratasi vyenye wasifu wangu wa kweli, mistari miwili, akaniambia nivibandike kwa mkono wangu kwenye kila nakala iliyokwisha gawiwa. Nilitembea zahanati kwa zahanati, Tarime na Serengeti, mpaka za jirani na mgodi kule Nyakunguru, na gundi mfukoni. Kila niendapo naomba kitabu, nafungua nyuma, nabandika, na mwenye kitabu anasoma kikaratasi, ananitazama, anasoma tena. Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza kama nina uhakika hata huo utabibu ninao. Baba mpaka leo hajalizungumzia. Nikimsalimia anaitika "marahaba," basi, tunazungumza habari za ng'ombe.

Nilibakiza jambo moja, nalo niliogopa kuliko yote. Wiki kadhaa baadaye, Sabina akiwa amesharudi nyumbani, nilienda kwao kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri, nitamweleza yaliyotokea akiwa amepoteza fahamu, asije akayasikia kwa watu. Nilimkuta anapepeta mtama, amekonda, lakini sauti imerudi. Nikamwamkia, akaniwekea kigoda. Nikaanza: "Mama, siku ile ulipokuwa hujitambui..."

"Nilikuwa najitambua," akasema.

Na mimi, mwandishi wa sura nzima, nimeandika mwenyewe kwamba sumu ile inalegeza mwili na kuacha akili ikiwa macho.

"Nilikuwa nasikia kila kitu, mwanangu. Nilikuwa siwezi kufungua macho, siwezi kukohoa, lakini nasikia. Nilisikia gari linarudishwa. Nikasema haidhuru, wamesema bingwa yupo. Nikasikia yule binti anasoma kitabu, anakuuliza mbona tunasubiri. Nikakungoja ujibu." Aliendelea kupepeta, makapi yakipeperuka upande wangu. "Pumzi zinakatika, nakungoja. Ulikaa kimya muda mrefu sana."

Nikasema tu, "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mikono yako ndiyo iliyonifikisha, hiyo pia niliisikia." Akaweka ungo chini, akanitazama kwa macho yaliyo wazi kabisa. "Lakini siku nyingine usikawie."

Tangu hapo mtu akiniita bingwa, hata kwa utani, hata akiwa anataka kuninunulia soda, namrekebisha kabla hajamaliza neno. Mimi ni tabibu, naitwa Mwita, na hospitali iko Mugumu, twende.